Chumvi Hii na Chumvi Hizi: Upimaji wa Chumvi ya Maji kwa Mfano wa Mtito Andei

Ikisiri

Makala haya yanaeleza jinsi kiwango cha chumvi katika maji kinavyopimwa, na yanachunguza maneno ambayo Kiswahili kinayatumia kuutaja upimaji huo. Mifano miwili inalinganishwa: tangi la samaki wa baharini linalowekwa nyumbani, na kisima kilichochimbwa katika ardhi kavu ya Mtito Andei. Hoja inayojengwa ni kwamba vyombo vya kupimia chumvi ya bahari hutegemewa kwa sababu bahari ina mchanganyiko mmoja wa chumvi, ilhali kila kisima kina mchanganyiko wake. Neno chumvi, lisilobadilika umbo katika umoja na wingi, huificha tofauti hiyo. Hata hivyo, upatanisho wa kisarufi unaweza kuifichua.

1.0 Utangulizi

Mtito Andei ni mji ulio takriban katikati ya barabara kuu ya Nairobi na Mombasa, katika Kaunti ya Makueni. Jina lake hufasiriwa kutokana na maneno ya Kikamba yenye maana ya msitu wa tai. Upande mmoja wa mji ipo Mbuga ya Tsavo Magharibi, na upande wa pili Mbuga ya Tsavo Mashariki. Kaskazini-mashariki hupita Mto Athi, ambao ng'ambo yake ni Kaunti ya Kitui. Wasafiri wengi huufahamu mji huu kama mahali pa kupumzika na kula. Wenyeji wanaufahamu pia kama mahali ambapo swali la kwanza kuhusu kisima kipya si kama kina maji, bali ni maji ya namna gani.

Swali hilo lina uzito. Katika eneo hili la Ukambani si jambo geni kisima kuchimbwa kwa gharama kubwa, maji yakapatikana, kisha watu wakayaonja na kuyakataa. Si ajabu pia watu kuyaonja, wakayakubali, na kumbe yana dhara ambalo ulimi hauwezi kulitambua. Katika hali zote mbili ulimi ndio uliofanya kazi ya kipimo, na lugha ikapokea hukumu ya ulimi bila kuiuliza zaidi.

Ili kulieleza jambo hili, makala yanaanza na msamiati, yanaendelea na vyombo vya kupimia, kisha yanavitazama vyombo hivyo katika tangi la samaki wa baharini, mahali ambapo vinatumika kwa mafanikio makubwa. Baada ya hapo yanarejea kisimani, ambako vyombo hivyohivyo vinahitaji tahadhari.

2.0 Ulimi kama Kipimo

Kiswahili kimezaliwa pwani, kati ya maji yanayonyweka na yasiyonyweka. Haishangazi basi kwamba kina maneno mengi ya kuyatenga maji hayo. Yapo maji ya chumvi, maji matamu, maji baridi na maji ya magadi. Kamusi za kale zinataja pia maji ya pepo kwa maana ya maji yasiyo na chumvi. Katika vitabu vya uvuvi na ufugaji, samaki wa mito na maziwa huitwa samaki wa maji baridi.

Maneno haya yote ni ya ulimi na ngozi. Maji matamu hayana sukari. Yanaitwa matamu kwa sababu hayana ladha ya chumvi. Maji baridi nayo yanaweza kuwa na joto la kuchoma. Maji yaliyokaa kwenye tangi la plastiki juani pale Mtito Andei saa saba mchana si baridi hata kidogo, lakini yakiwa hayana chumvi yataingia katika kundi la maji baridi. Mzungumzaji wa Kiswahili hatatizwi na jambo hili kwa sababu muktadha humwongoza. Mwanafunzi wa sayansi hutatizika pale sentensi moja inapotaja halijoto ya maji baridi.

Chumvi imeingia pia katika misemo. Mtu anayekuza habari hutia chumvi, na mzee aliyeyaona mengi huambiwa kwamba amekula chumvi nyingi. Katika misemo hii chumvi ina kiasi, kwani inaweza kuzidi au kuwa nyingi, lakini kiasi chenyewe hakina namba. Hali kadhalika kitenzi kukolea. Mpishi akisema chumvi imekolea, anasema imefikia kiwango kinachofaa. Ni kitenzi cha kipimo, lakini kipimo chake ni mdomo wa mlaji.

Ulimi ni chombo kizuri kwa kazi fulani. Watu wengi huanza kuihisi sodiamu au kloraidi katika maji inapofika karibu na miligramu 200 hadi 300 kwa lita. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba maji yenye jumla ya vitu vilivyoyeyuka chini ya miligramu 600 kwa lita kwa kawaida huonekana mazuri kwa ladha, na yanapozidi miligramu 1,000 ladha yake huzidi kuwachukiza wanywaji. Hata hivyo, ulimi una upungufu mkubwa: huzoea. Aliyelelewa kwa maji ya chumvichumvi huyaona ya kawaida, na mgeni kutoka mahali penye maji ya mvua huyatema. Maji ni yaleyale, hukumu ni mbili.

3.0 Vyombo vya Kupimia

Ulimi unapoachwa, sifa nyingine ya maji hutafutwa, sifa inayobadilika chumvi inapoongezeka. Sifa zinazotumika zaidi ni tatu: uzito, kupinda kwa mwanga na upitishaji wa umeme.

3.1 Uzito

Maji yenye chumvi ni mazito kuliko maji safi ya ujazo uleule. Maji ya bahari ya kawaida, yenye gramu 35 za chumvi katika kila kilo ya maji hayo, ni mazito mara 1.026 hivi kuliko maji safi yenye halijoto sawa. Chombo kinachotumia sifa hii ni haidromita. Ni kitu cha kioo au plastiki kinachoelea. Maji yakiwa mazito hupanda juu, yakiwa mepesi huzama zaidi. Namba husomwa pale uso wa maji unapokikata kijiti cha chombo.

Haidromita ni rahisi kutumia lakini ina masharti. Kiputo kimoja cha hewa kilichoigandama hukiinua chombo na kutoa namba ya uongo. Halijoto nayo huubadilisha uzito wa maji, hivyo chombo kilichotengenezwa kwa ajili ya nyuzi fulani za Selsiasi hakisomwi kwa nyuzi nyingine bila masahihisho. Aidha, chombo hiki hakifai kwa chumvi ndogo. Maji ya kisima yenye gramu 3 za chumvi kwa lita, ambayo mtu angeyatema, yanazidi uzito wa maji safi kwa gramu mbili hivi tu katika lita nzima. Haidromita ya kawaida ya tangi la samaki haitaiona tofauti hiyo.

3.2 Kupinda kwa mwanga

Mwanga unapoingia majini hupinda, na chumvi huuongeza mpindo huo. Chombo kinachoupima mpindo huitwa rifraktomita. Matone mawili ya maji huwekwa juu ya kioo chake, mtumiaji hutazama mwangani kama anayetazama kwa darubini, na mstari kati ya sehemu ya buluu na nyeupe humwonyesha namba.

Hapa lipo jambo linalostahili kuzingatiwa na wanaoshughulikia lugha. Rifraktomita nyingi zinazouzwa kwa bei nafuu zimetengenezwa kupima mchanganyiko wa maji na chumvi ya mezani peke yake. Maji ya bahari yenye kiwango cha 35 hupinda mwanga sawasawa na maji yenye chumvi ya mezani gramu 36.5 kwa kilo. Kwa hiyo chombo cha chumvi ya mezani kikitumiwa kwa maji ya bahari kitazidisha namba kwa moja na nusu hivi. Kosa hili halitokani na ubovu wa chombo. Linatokana na kudhani kwamba chumvi ni chumvi.

3.3 Upitishaji wa umeme

Maji safi kabisa hupitisha umeme kwa shida sana. Chumvi inapoyeyuka hugawanyika kuwa ayoni, yaani chembe zenye chaji ya umeme, na ayoni hizo ndizo zinazoubeba umeme majini. Kadiri ayoni zinavyokuwa nyingi ndivyo umeme unavyopita kwa urahisi. Maji ya bahari yenye kiwango cha 35, yakiwa na nyuzi 25 za Selsiasi, hupitisha takriban milisimensi 53 kwa sentimita. Maji ya kisima hupimwa kwa kizio kidogo zaidi, mikrosimensi, ambazo 1,000 hufanya milisimensi moja.

Kipimo hiki kinaitofautisha chumvi na vitu vingine vinavyoyeyuka. Sukari ikitiwa majini huyafanya yawe mazito zaidi na kuupinda mwanga, hivyo haidromita na rifraktomita zote mbili zitaihesabu kana kwamba ni chumvi. Kipimo cha umeme hakitaishughulikia, kwa kuwa sukari haigawanyiki kuwa ayoni. Kwa upande mwingine, halijoto ina athari kubwa hapa: upitishaji hupanda kwa asilimia 2 hivi kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Maji yaliyopimwa yakiwa na nyuzi 30 badala ya 25 yataonekana kuwa na chumvi zaidi kwa asilimia 10 iwapo chombo hakifanyi masahihisho chenyewe.

4.0 Tangi la Samaki: Bahari ya Chungu

Wahenga walisema kwamba maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Tangi la samaki wa baharini sebuleni ni kifuu cha namna hiyo. Samaki wa miamba ya matumbawe aliyezoea bahari isiyobadilika sana anatiwa katika lita 100 za maji, na maisha yake yanategemea mtu anayesoma namba.

Tuseme mkazi wa Mtito Andei anataka kufuga samaki kama hao, mamia ya kilomita kutoka ufukweni. Hawezi kuchota bahari kila wiki, hivyo hutumia chumvi ya bahari iliyotengenezwa maalumu na kuichanganya na maji. Kwa hesabu ya gramu 35 kwa lita, lita 100 zinahitaji kilo 3.5 za chumvi. Siku chache za joto na ukavu zikipita, lita 10 zinageuka mvuke. Chumvi haigeuki mvuke, inabaki. Kilo 3.5 zilezile sasa zimo katika lita 90, na kiwango kimepanda hadi gramu 38.9 kwa lita.

Mfugaji asiyeielewa hali hii hujazia tangi kwa lita 10 za maji ya chumvi, akiamini kwamba samaki wa baharini wapewe maji ya bahari. Akifanya hivyo kiwango kitakuwa 38.5, na kitaendelea kupanda kila anapojazia. Anayeelewa hujazia kwa maji yasiyo na chumvi, na kiwango hurudi 35. Kanuni ni nyepesi: kilichotoka ni maji, basi kirudishwe maji.

Mfugaji huyu akisoma namba kwa haidromita au rifraktomita iliyorekebishwa vizuri, anaweza kuitegemea. Sababu yake iligunduliwa katika karne ya 19. Kati ya miaka 1872 na 1876 meli ya Kiingereza iitwayo Challenger ilizunguka dunia ikikusanya maji ya bahari mbalimbali. Mkemia William Dittmar alizichunguza sampuli 77 kati ya hizo na kutangaza matokeo yake mwaka 1884. Alithibitisha kwamba, ingawa kiasi cha chumvi hutofautiana kutoka bahari hadi bahari, uwiano wa chumvi kuu haubadiliki kwa kiasi cha kutajika. Kloraidi ni asilimia 55 hivi ya chumvi zote, sodiamu karibu 31, salfeti karibu 8, magnesiamu karibu 4, na kalsiamu na potasiamu zaidi kidogo ya 1 kila moja.

Maana ya ugunduzi huo ni kubwa. Mtu akiijua ayoni moja ya bahari, anazijua zote kuu. Ndiyo maana wataalamu wa bahari kwa miongo mingi walipima kloraidi peke yake na kukokotoa mengine, na ndiyo maana tangu mwaka 1978 waliweza kukubaliana juu ya skeli inayokadiria kiwango cha chumvi kwa kupima upitishaji wa umeme. Namba moja inatosha kwa sababu bahari ni moja.

5.0 Kisima: Ambapo Namba Moja Haitoshi

Sasa mfugaji huyohuyo anahitaji maji ya kuchanganyia chumvi yake, na maji aliyo nayo ni ya kisima. Hapa ndipo bahari na ardhi ya Mtito Andei zinapoachana njia.

Magharibi ya mji huu ipo milima ya Chyulu, iliyoumbwa na volkeno. Mvua inayonyesha juu yake huzama katika miamba yenye matundu, husafiri chini ya ardhi na kutokeza katika chemchemi za Mzima, ndani ya Tsavo Magharibi. Maji hayo ni maangavu na matamu, na tangu miaka ya 1950 sehemu yake husafirishwa kwa bomba hadi Mombasa. Chini ya sehemu kubwa ya Ukambani, hata hivyo, ipo miamba mikongwe isiyo na matundu mengi. Maji hukaa katika nyufa zake kwa muda mrefu, yakiyeyusha madini polepole. Mvua ni haba na jua ni kali, kwa hiyo sehemu kubwa ya maji hurudi hewani na kuacha chumvi udongoni, kama ilivyotokea katika tangi la samaki. Tofauti ni kwamba hapa hakuna mtu wa kujazia.

Matokeo yake ni visima ambavyo kila kimoja kina mchanganyiko wake. Kimoja kinaweza kuwa na sodiamu na kloraidi nyingi, kingine kalsiamu na magnesiamu, kingine salfeti. Tuseme kisima cha mfugaji wetu kina gramu 3 za chumvi kwa lita, na kati ya hizo gramu 0.3 ni kalsiamu. Ataongeza chumvi ya bahari hadi chombo kisome 35 na kuridhika. Lakini maji ya bahari yana kalsiamu ya gramu 0.4 hivi kwa lita, na tangi lake sasa lina karibu 0.7. Namba ni sahihi, maji si ya bahari. Kwa sababu hiyo wafugaji makini huanza na maji ya mvua au yaliyochujwa chumvi zote, kisha ndipo wanapoongeza chumvi yao.

Suala la samaki ni dogo likilinganishwa na la wanywaji. Chombo kinachotumika sana kupima maji ya visima ni kalamu ya umeme. Hupima upitishaji, kisha kwa hesabu ya ndani huonyesha jumla ya vitu vilivyoyeyuka. Hesabu hiyo ni kuzidisha mikrosimensi kwa kigawe fulani, na kigawe si kimoja. Baadhi ya vyombo hutumia 0.5, vingine 0.7. Maji yenye mikrosimensi 2,000 yatasomwa miligramu 1,000 kwa lita na chombo kimoja, na 1,400 na kingine. Kanuni za Ubora wa Maji zilizotolewa nchini Kenya mwaka 2006 ziliweka kikomo cha miligramu 1,200 kwa maji ya matumizi ya nyumbani. Kwa chombo kimoja kisima hicho kingefaulu na kwa kingine kingeanguka, hali maji hayajabadilika hata tone. Ripoti inayotaja jumla hiyo bila kutaja upitishaji wenyewe na kigawe kilichotumika humwacha msomaji gizani.

Lipo jambo zito zaidi. Miamba mikongwe ya sehemu nyingi za Kenya huachilia floraidi majini. Shirika la Afya Duniani limependekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Ikizidi, meno ya watoto wanaokua huingia madoa ya kahawia, na ikizidi sana kwa miaka mingi hudhuru mifupa. Floraidi katika viwango hivyo haina ladha. Aidha, kalamu ya umeme haiwezi kuitenga. Katika maji yenye jumla ya miligramu 600, miligramu 3 za floraidi ni sehemu moja tu ya 200. Kosa dogo la kawaida la chombo ni kubwa kuliko hilo. Maji hayo yatakuwa matamu ulimini na mazuri kwenye kalamu, ilhali yana floraidi mara mbili ya kiwango kilichopendekezwa. Ni kipimo cha floraidi peke yake, kinachofanywa kwa vifaa mahsusi, kinachoweza kulibaini jambo hilo.

Kuna na dhana mbili zinazohitaji kusahihishwa. Ya kwanza ni kwamba sabuni isipotoa povu, maji yana chumvi. Povu hukataliwa hasa na kalsiamu na magnesiamu, na hali hiyo huitwa ugumu wa maji. Maji yanaweza kuwa magumu bila kuwa na ladha ya chumvi. Ya pili ni kwamba kuchemsha huondoa chumvi. Kuchemsha huua vijidudu, na kwa sababu hiyo kunafaa. Lakini maji yanapopungua sufuriani chumvi huzidi kukolea, na floraidi haitoki. Kinachopunguza chumvi ni kuyachanganya maji hayo na maji ya mvua, kuyapitisha katika mitambo ya kuchuja chumvi, au kutafuta chanzo kingine, kama vile mabwawa ya mchanga yanayojengwa katika mito ya msimu ya Makueni na Kitui.

6.0 Suala la Istilahi

Hadi hapa neno chumvi limetumika kwa maana mbili. Kwanza ni kiungo cha chakula. Pili ni kundi zima la madini yanayoyeyuka, ambamo chumvi ya mezani ni moja tu. Nomino hii haibadiliki umbo, kwa hiyo anayesikia maji yana chumvi hajui ni ipi kati ya maana mbili inayokusudiwa, na mara nyingi huchukua ya kwanza.

Sarufi ya Kiswahili, hata hivyo, haijalala. Chumvi ni nomino ya ngeli ya I-ZI, na upatanisho hutenganisha kile ambacho umbo la nomino halikitenganishi. Chumvi hii imeyeyuka na chumvi hizi zimeyeyuka ni sentensi mbili tofauti. Ya kwanza inazungumzia kitu kimoja, ya pili inazungumzia vitu vingi. Katika mazungumzo ya kila siku wingi huu hausikiki sana kwa kuwa chumvi ya jikoni haihesabiki. Katika kemia unahitajika. Mwalimu anayesema chumvi za maji ya kisima, kwa upatanisho wa wingi, tayari amemweleza mwanafunzi kwamba kuna zaidi ya moja, na mwanafunzi atauliza ni zipi. Swali hilo la ni zipi ndilo ambalo umoja hauliruhusu.

Kuhusu kiwango chenyewe, njia tatu zinajitokeza. Ya kwanza ni uchumvi. Kwa upande wa mofolojia haina kasoro: kiambishi u- huunda dhana dhahania kutokana na nomino, kama utoto na ufalme, na urudufishaji wa umajimaji unaonyesha kwamba hata majina ya vitu yanaweza kuingia njia hiyo. Udhaifu wake ni kwamba unafanana mno na utamu na uchungu, hivyo unairudisha dhana ulimini. Ya pili ni ukolevu wa chumvi, kutokana na kukolea. Neno hili lina mizizi mirefu katika lugha, lakini kama ilivyoelezwa, kukolea hubeba hukumu ya kufaa. Maji ya kunywa yenye ukolevu mkubwa yanaweza kudhaniwa kuwa mazuri. Ya tatu ni kiwango cha chumvi. Ni fungu la maneno badala ya neno moja, lakini halina upande, linakubali namba, na linakubali wingi: kiwango cha chumvi hizi.

Kwa sababu hizo, kiwango cha chumvi kinaonekana kufaa zaidi kwa matumizi ya jumla. Jumla ya chumvi zilizoyeyuka ifae kwa namba inayokokotolewa na kalamu, upitishaji umeme kwa namba inayopimwa hasa, na ugumu wa maji kwa suala la sabuni. Floraidi itajwe kwa jina lake, isifichwe ndani ya chumvi. Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, na kazi hiyo ilionyesha kwamba lugha inao uwezo wa kubeba sayansi. Kinachohitajika ni istilahi kufika kisimani.

Jambo hili si la wanaisimu pekee. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 iliifanya Kiswahili lugha ya taifa na lugha rasmi, na katika kifungu cha 43 ikampa kila mtu haki ya kupata maji safi na salama ya kutosha. Ripoti ya maabara iliyoandikwa kwa Kiingereza, yenye safu ya namba na vifupisho, humfikia mwenye kisima ikiwa imefungwa. Mfasiri akiifupisha kwa kusema maji yana chumvi kidogo tu, ameificha floraidi. Akisema kiwango cha chumvi zote ni miligramu 600 kwa lita, kinakubalika. Floraidi ni miligramu 3, imezidi mara mbili. Watoto wasiyanywe, yatumike kwa kufulia na kuoshea, amemkabidhi mwenye kisima uamuzi wake.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba chumvi ya maji hupimwa kwa kupitia sifa nyingine, iwe ni uzito, mwanga au umeme, na kwamba kila sifa huja na masharti yake. Katika tangi la samaki namba moja inatosha kwa sababu uwiano wa chumvi za bahari haubadiliki, mradi mfugaji aanze na maji yasiyo na chumvi na ajazie kwa maji ya namna hiyo. Katika kisima cha Mtito Andei namba moja ni mwanzo wa uchunguzi, si mwisho wake. Inasema ziko chumvi kiasi gani. Haisemi ni zipi.

Wanafunzi wa Kiswahili wanaofanya utafiti nyanjani katika Makueni, Kitui na kwingineko wana nafasi ya kukusanya maneno ambayo wenyeji huyatumia kuyatenga maji ya visima vyao, na kuyaweka kando ya namba za maabara za visima hivyohivyo. Orodha ya namna hiyo ingewafaa watunzi wa istilahi. Ingemfaa zaidi mama anayesimama na mtungi wake mbele ya visima viwili, kimoja cha chumvi na kimoja kitamu, asiyejua bado kwamba ladha peke yake haiwezi kumwambia ni kipi cha kumpa mtoto.